Pipa la Siku ya Tatu

Watu wa mtaa wetu hapa Kisangani wanasema kuna mwanamke wa Lubunga aliyewalisha wafiwa muhogo mbichi, na kwa sababu hiyo hakuna lopango la kwanga, yaani ua wa kutengenezea mikate ya muhogo, upande huu wa mto linalompokea tena. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wake wa kazi. Niliwaacha waseme hivyo karibu mwaka mzima. Sasa naandika jinsi ilivyokuwa. Shule niliiacha mwaka wa pili wa primeri. Mjukuu wangu ananitengenezea herufi, lakini nimemkataza kulainisha kitu.

Muhogo wetu wa kwanga unatoka upande wa Yahuma na Isangi, unapanda mto kwa mashua, na mwingi ni ule mchungu. Muhogo mchungu hauliwi hivihivi. Unalala ndani ya maji siku nne, sumu yake inatoka, unalainika mpaka kidole gumba kinauvunja. Ndipo unamenywa, unatwangwa, unakandwa, unafungwa ndani ya majani na kupikwa kwa mvuke. Ukiutoa majini mapema, unaumiza watu. Hilo kila binti wa huku analijua kabla hajajua kusuka nywele.

Lopango lilikuwa la mama mmoja wa zile familia za Kiislamu za zamani za mji huu. Sisi wote tulimwita mama mukubwa, ingawa kwa mwili alikuwa mdogo na sauti yake ilikuwa ndogo zaidi. Tulikuwa wanawake sita. Siku ya nne ya kila pipa alituita wote, yule wa kutwanga, yule wa majani, yule wa moto, hata aliyeingia kazini juzi. Kila mmoja alikunja nguo mpaka begani, akatia mkono ndani ya pipa mpaka chini kabisa, kule maji yanakonuka, akavunja muhogo mmoja kwa kidole. Halafu akasema kwa sauti: imeiva, au bado. Sauti moja tu ikisema bado, pipa linalala siku nyingine.

Mimi desturi ile ilinichosha. Siku moja dada mmoja mwenye wiki tatu tu kazini alisema bado, sisi watano tumeshasema imeiva. Mtu wa sokoni alikuwa anangoja mzigo getini.

Nikamwambia, "Weye uko na wiki tatu hapa. Unajua nini?"

Mama mukubwa akacheka. "Mukono yake haina wiki tatu, ee. Alizaliwa nayo."

Wote wakacheka, pipa likafunikwa, mtu wa sokoni akaondoka na maneno mabaya. Huyo dada wa wiki tatu ndiye yule wa Lubunga. Mjane, na watoto wawili, anavuka mto kila asubuhi kwa mtumbwi.

Mimi nililelewa kambini Kapalata. Baba yangu alikuwa mwanajeshi, na nyumbani kwetu mtu hakuulizwa anaonaje. Nilikua nikijua kwamba mkubwa anayeuliza wadogo ni mkubwa asiyejua. Kwa hiyo nilimtazama mama mukubwa miaka ile yote, jinsi wanawake walivyobishana naye, jinsi walivyomtania kuhusu miguu yake na mume wake, jinsi lopango lilivyokuwa na kelele kama soko, nikasema moyoni: siku kazi hii itakapokuwa mkononi mwangu, nitainyoosha.

Ikaja mkononi mwangu. Miguu yake ilivimba, akashindwa kusimama, akalala chumba cha ndani. Alinichagua mimi kwa sababu nilikuwa naijua kazi na sikuchelewa hata siku moja. Aliniomba kitu kimoja.

"Mambo ya mikono, usiache."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Niliiacha kabla ya wiki mbili. Pipa la kwanza nililijaribu mimi peke yangu, mkono wangu mmoja, mpaka kwenye kiwiko. Lilikuwa limeiva. La pili vilevile. Nikaona siku zote mimi ndiye niliyekuwa sahihi.

Nikanunua filimbi, nikaivaa shingoni. Filimbi ya kuanza, filimbi ya kula, filimbi ya kumaliza. Nikakataza mazungumzo wakati wa kazi. Na nikatoa benchi iliyokuwa jikoni, nikaiweka nje ya geti, barabarani. Mwenye kosa anakaa pale mpaka jua linashuka, mikono mitupu, mtaa mzima unapita unamwona. Wanawake wakanipa jina la kapita, kama wale wasimamizi wa mashamba ya zamani. Walilisema nyuma yangu. Nililisikia na halikunikera. Nililipenda.

Yule wa Lubunga alikaa benchi mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa kuchelewa. Alisema mto ulikuwa na ukungu, mtu wa mtumbwi alikataa kuvuka. Nikamwambia ukungu haukuajiriwa hapa, umeajiriwa weye. Mara ya pili ndiyo inayonirudia. Alikuja mwenyewe asubuhi, filimbi bado haijalia, akasimama mbele yangu.

"Mama, majani ya kufungia nilisahau inje jana. Mvua imeyapiga, yameoza. Minakuambia mbele, usiyatafute."

Hakuna aliyekuwa amemwona. Angeweza kuyatupa kwenye shimo, nisingejua. Nikamtuma benchi. Alikaa pale siku nzima, kitambaa kichwani, watoto wa shule wakimcheka. Na wale wengine wanne ndani ya lopango walikuwa wanatwanga, wanakanda, wanasikiliza. Siku ile nilifikiri wanajifunza bidii.

Na kwa kweli kazi ilikwenda. Ilikwenda haraka kuliko zamani za mama mukubwa. Lakini kulikuwa na mambo madogo. Siku moja nilipuliza filimbi ya kumaliza, nikaingia ndani kumpa mama mukubwa dawa yake. Niliporudi, mvua ilikuwa imelowesha unga wote wa muhogo tuliokuwa tumeuanika juu ya mikeka. Wanawake walikuwa wamesimama chini ya paa, wamevaa viatu vyao vya kurudi nyumbani, wanaitazama.

"Hakuna hata mumoja aliona mvua?"

Yule wa kutwanga, mama mzima mwenye wajukuu kama mimi, akajibu taratibu, "Tuliona, mama. Filimbi ilishalia."

Zamani, mvua ikitisha, wangekimbia wakigongana vichwa na kutukana mbingu. Nilitaka kuwapeleka benchi wote, lakini benchi ilikuwa fupi.

Kisha ukaja msiba. Familia moja ya watu wa mto, wa Yanonge, walifiwa na baba yao. Matanga yao yalikuwa barabara ya tatu kutoka kwetu, na waliagiza kwanga za kulisha watu wote. Nilikuwa na pipa moja lililofika siku ya tatu, kesho yake lingeiva. Lilitosha kwa shida. Mchana ule mashua ikaleta gunia moja zaidi la muhogo, nikalinunua kwa ajili ya wiki inayofuata. Nilikuwa getini nabishana na mbebaji. Yule wa Lubunga ndiye aliyekuwa wa mapipa.

"Tia hii ndani ya pipa," nikamwambia.

"Pipa gani, mama?"

"Unaona mapipa ngapi? Tia! Usiniulize kila kitu."

Mimi nilikuwa nafikiria pipa tupu lililo nyuma ya jiko. Pipa lile halikuwepo. Asubuhi ileile niliwaazima watu wa matanga waweke maji ya kunywa, mimi mwenyewe nililiviringisha mpaka barabarani. Nilikuwa nimesahau. Yeye alitazama nyuma ya jiko, akakuta ardhi tupu. Lililobaki ni lile la siku ya tatu. Akatia humo.

Na hapa lazima nieleze kitu cha kazi. Muhogo ukitokeza kichwa juu ya maji haulainiki, unageuka mweusi. Nilikuwa nimeweka sheria: nikiona kichwa hata kimoja juu ya maji, benchi. Pipa sasa lilikuwa limejaa kupita kiasi. Mihogo mipya, migumu, ilikuwa juu, vichwa nje. Basi yeye akaogopa, akakunja nguo, akaivuta ile laini kutoka chini, akaizika ile mipya chini kabisa, ile laini akaipanga juu vizuri, maji yakaifunika. Kesho yake nikaja, nikatia mkono wangu mpaka kiwiko. Laini. Nikapuliza filimbi.

Mkono ungefika chini, ungekuta mihogo migumu kama mawe.

Baadaye sana nilimuuliza kila mmoja peke yake, na walinijibu kwa sababu wakati huo hakukuwa tena na cha kuogopa. Yule wa kutwanga alisema mchi ulikuwa unaruka ndani ya kinu. "Nilisikia ngumu. Nikasema, mama kapita ameshajaribu, miye nani? Nikatwanga na nguvu zaidi." Yule wa kukanda alisema ulimi ulimwasha alipoonja. Akatema, akanywa maji, akaendelea. Yule wa moto alisema mvuke ulikuwa na harufu nyingine. "Lakini ilikuwa kwanga yako, mama." Zamani za mama mukubwa wangesema kwanga yetu. Nilikuwa sijaona neno lile lilipobadilika.

Asubuhi ya kupeleka mzigo, vijana wawili wa toleka, wale wa baiskeli za kubeba watu, walifunga mabeseni nyuma ya baiskeli zao. Yule wa Lubunga alikuwa amesimama karibu na geti. Baiskeli ya kwanza ilipoanza kusogea, akaishika nyuma kwa mikono miwili. Kijana akayumba.

"Eh, mama! Unataka kuniangusha?"

"Isiende," akasema. Akanigeukia. "Mama, hii kwanga isiende. Juzi ile pipa..."

"Achilia baiskeli ya mutu."

"Mama, nisikie kidogo tu, ile gunia..."

Watu wa matanga walikuwa wameshatuma mtu mara mbili kuuliza chakula kiko wapi. Mtaa ulikuwa unatazama. Mfanyakazi wangu alikuwa anashika mali ya mteja mbele ya watu na kunifundisha kazi. Nikaitia filimbi mdomoni, nikapuliza katikati ya neno lake, nikanyoosha kidole.

"Benchi."

Akaachilia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: aliachilia. Alikwenda akakaa, mikono mapajani, akatazama baiskeli zile mpaka zikapinda kona. Nilikuwa nimemfundisha vizuri.

Mchana kilio kilibadilika sauti. Watu walianza kutapika uani kwa wafiwa, wakashika vichwa, wakasema dunia inazunguka. Watoto wakalala chini. Mzee mmoja, ndugu wa marehemu, miguu ilimkataa, wakambeba kwa toleka mpaka kituo cha afya, akakaa huko siku tatu. Hakuna aliyekufa. Nalisema hili mapema kwa sababu najua mtu anayesoma anangoja. Lakini kwa saa kadhaa hatukujua kama hakuna atakayekufa, na saa zile nilizikaa nimesimama.

Mwana mkubwa wa marehemu alikuja kabla jua halijashuka, bado na nguo za msiba. Hakupiga kelele.

"Mama, nani alitia mukono ndani ya ile muhogo?"

Wanawake wanne walikuwa nyuma yangu. Yule wa Lubunga alikuwa bado kwenye benchi, hatua tatu kutoka kwake, maana sikuwa nimemruhusu kuinuka. Nikamwonyesha.

"Ni huyu. Alichanganya mubichi na ya zamani."

Ilikuwa kweli. Ni yeye aliyechanganya. Alinitazama, akangoja nimalize, niseme nani alimwambia atie, nani alimkataza kuuliza, nani alimpulizia filimbi asubuhi. Alingoja kwa adabu, kama mtu anayengoja mkubwa amalize kunywa maji. Sikusema zaidi. Hakunishtaki, hakujitetea. Akafunga kitambaa chake vizuri, akashuka kuelekea mtoni. Hakurudi.

Mama mukubwa aliniita ndani. Alikuwa amesikia yote kupitia ukuta.

"Mikono ngapi iliingia ndani ya ile pipa?"

"Mumoja. Wangu."

Akaomba filimbi. Nikaivua. Aliigeuza-geuza, akaipuliza kidogo, pumzi zake zilikuwa zimekwisha, ikalia kama ndege.

"Inalia muzuri," akasema, akanirudishia, akageukia ukutani. Tangu siku ile hakuniuliza tena habari ya kazi.

Benchi niliirudisha jikoni. Filimbi nikaitupa chooni. Nikarudisha desturi ya mikono, nikawaambia kila mtu aseme anachoona. Siku ya nne ya kila pipa wanawake wanne wakaja, wakakunja nguo, wakatia mikono mpaka chini. Imeiva, mama. Imeiva, mama. Imeiva. Imeiva. Miezi ilipita hivyo. Sikusikia bado hata moja.

Nikaanza kuogopa. Basi nikafanya jambo ambalo mtu mwingine angeliita ujanja mbaya. Nilijaza pipa, na kesho yake tu, siku ya kwanza, nikawaita. Muhogo ulikuwa mgumu kama mguu wa kitanda. Wakatia mikono. Niliona vidole vyao vinagonga. Kila mmoja alitazama uso wangu kwanza, kama kutafuta jibu limeandikwa wapi.

"Imeiva, mama," wakasema wote wanne.

Niliingia jikoni nikakaa kwenye benchi ile. Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kuniletea habari mbaya kwa miguu yake mwenyewe, na huyo nilikuwa nimemfukuza, tena kwa jina baya. Niliona lopango hili litaua mtu siku moja kama hakuna wa kusema bado mbele yangu. Nikaamua kuvuka.

Nilifika mtoni asubuhi mapema. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya maji, ng'ambo haionekani, na mtu wa mtumbwi alikuwa amejifunika koti amelala. Nikamwambia nina haraka.

"Mama, mto haijui haraka yako. Kaa."

Nikakaa ukingoni mpaka jua likawa kali.

Kule Lubunga nilielekezwa na watoto. Nilidhani nitamkuta anahangaika na kazi za kuokota. Nilimkuta na geti lake mwenyewe, la mabati, na ndani mapipa mawili, kinu, na wanawake watatu vijana wanaofanya kazi. Watu wa ng'ambo ile hawakuyasikia maneno ya mtaa wetu, au waliyasikia wakapuuza. Wanawake wale walikuwa kimya. Na nje ya geti, barabarani, kulikuwa na benchi.

Aliniona. Hakushangaa.

"Mama kapita. Kaa pale."

Nikakaa. Alinipa mgongo, akaendelea na kazi yake. Sauti yake ilikuwa fupi, kali. "Twanga. Usiongee. Nimesema twanga." Niliijua sauti ile. Nilikuwa nimeileta mwenyewe ulimwenguni, na sasa inaishi huku bila mimi.

Nilisema nilichokuja kusema kutoka benchi, kwa sauti ya kusikika na majirani, maana kosa nililitenda mbele ya watu. Nilisema gunia nililitoa mimi. Nilisema aliniuliza pipa gani, nikamkataza kuuliza. Nilisema alishika baiskeli, nikampulizia filimbi. Nilisema nimeshakwenda kwa familia ya wafiwa, siku mbili zilizopita, nikarudia maneno hayahaya mbele ya mwana mkubwa, na yule mzee wa miguu alikuwepo akasikia. Mwisho nikamwomba arudi. Majirani walikuwa wamesimama. Wanawake wake watatu waliacha kazi.

"Nani amewaambia musimame?" akawauliza. Wakainama.

Mimi akanipa mgongo tena.

Hapo nikaona. Yule mdogo kati ya watatu alikuwa anatoa muhogo kwenye pipa. Alishika mmoja, akaubonyeza kwa kidole, kidole kikakataa. Akamtazama bosi wake mgongoni. Akatazama chini. Akautia kwenye beseni pamoja na mingine.

Nikasimama. "Ile iko bado."

Yule wa Lubunga akageuka. "Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Iko bado."

Yule binti alikuwa ameganda, mikono yake inachuruzika maji. Yule wa Lubunga alikwenda kwenye beseni, akaupata ule muhogo, akaubonyeza. Akabonyeza mwingine. Halafu akamuuliza yule binti, taratibu, lakini bila kumwangalia:

"Uliona?"

Binti alitazama benchi niliyokuwa nimeikalia.

Mwenye lopango akamwaga beseni lote ndani ya pipa, akafunika. Akaniambia mtumbwi wa mwisho wa asubuhi unaondoka karibuni, nisichelewe. Maji ya kunywa hakunipa, na sikuomba. Nilipofika kona niligeuka kutazama. Alikuwa ametoka nje ya geti, amesimama kando ya benchi, mkono mmoja juu yake. Kama aliirudisha ndani, au aliisogeza tu kivulini, sikungoja kuona.